Katuni kwa Kibende

Siku ya arobaini na tatu tangu wamzike Faudhia, runinga ya sebuleni ilisema Kibende.

Rabia alikuwa uani akipepeta mchele wa Usevya. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka juu ya mabati ya mtaa wa Makanyagio. Alisikia katuni zinacheka, akadhani ni kwa jirani. Kisha akasikia neno la Kibende, lugha ya kwao Misunkumilo, na ungo ukamsimama mkononi.

Mumewe, Nassib, alikuwa fundi wa madishi. Nyumbani alifunga dishi kubwa lililonasa chaneli moja ya watoto, yenye nembo ya jua jekundu, kwa lugha za nchi mbalimbali. Wafaransa walikuwa na yao, Waarabu yao, Wareno yao, Waturuki nao yao. Katuni zilezile, midomo ileile, sauti mbalimbali. Binti yao Faudhia, mwenye miaka saba, alizipitia zote kwa rimoti akiiga kila lugha, mpaka homa ya masika ilipomchukua ndani ya siku tatu. Lakini chaneli ya Kibende haikuwepo. Kibende kilikuwa lugha ambayo mama na mtoto walinong'onezana wao wawili tu.

"Baba Faudhia," Rabia alisema jioni, "ile chaneli imeongea Kibende."

Nassib aliipitia orodha yote mara mbili. "Hamna kitu. Umechoka tu, mke wangu."

Kesho yake, saa nane ileile, runinga ikajiwasha. Ikaanza na Kifaransa, ikaruka kwenye Kiarabu, ikaruka kwenye Kireno, ikawa kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine, mpaka ilipofika kwenye Kibende; na sungura wa kwenye kioo akaacha kukimbia, akamgeukia Rabia, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Faudhia, na kile kikwaruzo chake cha asubuhi.

"Mama, huku kuna baridi. Niite niingie."

Chumba kikanuka tope na manyoya yaliyolowa. Rabia hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akalia kwa furaha.

Tangu hapo kila mchana alikuwa pale. Hakupika, hakuoga, mashavu yakambonyea. Alichojizuia ni kulitaja jina la Faudhia tu, kwa kuwa kitu fulani ndani yake kiliogopa. Siku Nassib aliporudi mapema, alimkuta amepiga magoti, paji la uso limegusa kioo, runinga inaongea, na waya wake umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

"Baba naye amekuja," sauti ikasema.

Nassib akatoka hadi barabarani, akapanda bodaboda huku analia, akaenda kumleta Ustadhi Sadalla, muuza vipuri vya baiskeli aliyekuwa akisomea watu wenye majini.

Ustadhi alisikiliza kidogo tu. "Mtoto wenu amepumzika," alisema taratibu. "Huyu ameingilia kwenye majonzi. Nitasoma, lakini hatoki kama mama anamtaka. Mama Faudhia, itabidi umkane kwa mdomo wako."

"Nimkane mwanangu?"

"Umkane aliyevaa sauti yake. Na atakachokuwa amekishika, huenda akaondoka nacho. Hilo siwezi kulizuia."

Akafukiza udi, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya tope ilivyopanda ikaushinda udi, mabati yakalia kama yanakunwa na kucha, baridi ikawapanda miguuni, na sungura akausogeza uso wake hadi ukajaa kioo kizima, akisema kwa upole, "Mama, hospitalini ulinishika mkono mpaka mwisho, mbona leo unauachia?"

Nassib alimshika Rabia mabega.

"Wewe siye niliyemzaa," Rabia akasema kwa Kibende, polepole. "Niliyemzaa nilimzika. Toka."

Ile sauti ikalia. Ililia kwa Kibende, kisha kwa Kireno, kwa Kiarabu, kwa Kifaransa, ikizidi kwenda mbali, mpaka kioo kikawa cheusi.

Wiki ile Rabia alikula, akalala. Kisha asubuhi moja alimfuata mumewe mlangoni. "Faudhia alikuwa ananiitaje? Najaribu kuisikia sauti yake, siisikii."

Nassib naye alijaribu, asiisikie. Akatoa simu, akatafuta video ya Faudhia akiimba siku ya Idi. Mtoto alitokea, gauni la kijani, mdomo unacheza. Sauti hamna. Nassib akafungua video nyingine, ya harusi. Ngoma zikalia vizuri tu. Akarudi kwa Faudhia. Kimya.

"Basi," Rabia akasema. "Rudisha mwanzo."

Akaichukua simu, akaitazama ile midomo midogo kwa makini, na ilipofunguka, akaanza kumwimbia ule wimbo kwa sauti yake mwenyewe.