Ridi Namba Nne

Rejeta ya basi la Iringa ilichemkia Nyololo, na abiria wote wakashuka kwenye baridi ya saa nne asubuhi. Akina mama wenye mabeseni ya viazi walilizunguka basi, na ng'ambo ya barabara basi jingine, la kwenda Mbeya, nalo likasimama. Evarista, binti wa Kihesa mjini Iringa, hakununua kitu. Aliketi kwenye gogo, sweta yake ya kijani imefungwa hadi shingoni, kitambaa cheupe kichwani, akatoa saksafoni ya bendi ya kiwanda alichofanyia kazi. Akapuliza. Bibi mmoja akaangusha kiazi.

"Dada, umemkanyaga paka?"

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, suruali ya bugaluu rangi ya maziwa, viatu vyake vya raizoni, vyenye soli nene, vimejaa matope.

"Paka ni huyo anayeongea na watu bila kusalimia," Evarista akamjibu.

Kijana alicheka mpaka akainama. "Nisamehe. Naitwa Malimi. Chombo hicho nakipiga Mbeya, huu mwaka wa tisa. Hebu nione ridi yako."

Ridi ni kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni; pumzi ikikitikisa, ndipo sauti hutoka. Ya Evarista ilikuwa imemeguka pembeni.

"Hii imekwisha, mama. Hata malaika hawezi kuipiga." Malimi akatoa kikopo mfukoni, akachagua ridi moja, akaiinua kwenye mwanga. "Tazama. Nyuzi zinyooke toka chini hadi juu. Rangi iwe ya dhahabu. Yenye ukijani haijakomaa, itakusumbua. Halafu namba. Anayeanza anatumia mbili, kwa sababu ni laini na mdomo wake bado mchanga. Ukizoea unapanda polepole, mbili na nusu, tatu."

"Wewe unatumia ngapi?"

"Nne," akasema, akiivuta kola ya shati.

"Angalia usifike kumi, utapasuka."

Honi zikalia. Malimi akamwachia ile ridi, ya namba mbili, na anwani yake, akakimbia kulidandia basi.

Kwa miezi miwili madereva walibeba barua zao, na kila Jumatano, akitoka kazini kabla ya kwenda darasa la jioni, Evarista alisimama posta akingoja opereta aite jina lake.

"Eva wangu, umekula?"

"Nimekula. Umenikumbuka au umekosa kazi?"

"Vyote viwili. Utahamia Mbeya lini? Hata ng'ombe wa baba kule Usangu wanakuulizia."

"Wasalimie. Mwezi ujao bendi inachagua wapigaji wa kudumu. Nikichaguliwa, nabaki Iringa."

"Na usipochaguliwa?"

"Malimi!"

"Nauliza tu, mpenzi."

"Dakika zenu zimekwisha," opereta akadakia, na Evarista akaenda nalo lile swali hadi darasani.

Wiki ya mtihani wa bendi, ridi yake ikapasuka. Akapeleka habari Mbeya, na Ijumaa dereva akamletea bahasha yenye ridi mbili mpya na kikaratasi: *Mpenzi, piga na hizi. Ni bora kuliko zote nilizonazo.* Kila moja ilikuwa na namba nne. Evarista alisita. Lakini aliyezituma alikuwa mwalimu wake, tena mtu wake. Akamwamini kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Evarista, mwanamke pekee kwenye orodha, alisimama na gauni lake la maua madogo, akafanya ishara ya msalaba, akapuliza. Ikatoka pumzi tupu. Akauma mdomo, akapuliza tena kwa nguvu, ikatoka sauti kama ya mlango wenye kutu. Mara ya tatu damu ikachuruzika kidevuni, na wanaume wakaangua kicheko.

"Nilisema mimi," alisema Mzee Yotamu, kiongozi wa bendi. "Kifua cha mwanamke ni cha kuimbia kwaya." Akaichukua ile ridi, akaigeuza. "Namba nne! Nani kakupa?"

"Mchumba wangu. Mpigaji."

"Basi mchumba amekukomesha, binti. Anataka ukae nyumbani." Wakacheka upya.

Evarista hakulia pale. Alikwenda moja kwa moja posta, akaomba Mbeya, na Malimi alipoitika tu, akamwambia, "Ulitaka nishindwe ili nije kukupikia. Umefanikiwa nusu: nimeshindwa. Kupika, mtafute mwingine." Akakata simu.

Jumapili alipiga magoti kanisani, mdomo umevimba. Hakuiona sababu ya kumficha Mungu hasira. *Bwana, sikuombi utulivu. Utulivu ninao tangu utotoni na haujanisaidia kitu. Nakuomba haki.* Alipoinuka, hasira ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa na mahali pa kwenda.

Jumanne akapata ujumbe kwamba Malimi angeshuka kituo cha mabasi cha Ipogolo jioni. Akateremka huko, si kumpokea bali kumalizia maneno yake. Malimi alishuka bila raizoni, bila kola ya kuvuta, macho mekundu kwa vumbi.

"Eva, kwa jina la Mungu…"

"Mungu mwache. Sema wewe."

"Kwetu Wasukuma, unayempenda humpi ng'ombe wa katikati. Unamtolea yule unayemlilia mwenyewe. Namba nne nilikuwa nazo mbili tu, jamaa aliniletea toka Zambia. Mimi nimepiga siku zote hizi na ridi iliyopasuka ili wewe uzipate."

Moyo wa Evarista ulilegea kidogo, kisha ukawa mgumu kuliko mwanzo.

"Na mdomo wangu hukuuwazia? Si wewe uliyeniambia, Nyololo pale, kwamba anayeanza anatumia mbili?"

"Ni mimi." Malimi akatazama chini. "Niliona aibu. Wenzangu kwenye bendi wangesema, mchumba wa Malimi anatumiwa vitu vya wanafunzi…"

"Mimi ni mwanafunzi, Malimi! Nina miaka ishirini na saba, kila jioni nakaa darasani na watu wazima wenzangu, wengine wajukuu wanao, na sioni aibu. Anayeniona aibu ni wewe!"

Watu kituoni wakageuka. Malimi hakuwatazama.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Sikukutakia mabaya, lakini nilijifikiria mimi. Nimekosa."

"Usiniambie mimi peke yangu. Njoo ukaseme pale nilipochekwa."

Ukumbini wakawakuta wapigaji wakifanya mazoezi. Malimi akasalimia, akaeleza kosa lake mbele ya wote, kijasho kikimtoka.

"Tumesikia," alisema Mzee Yotamu. "Lakini mtihani umekwisha."

"Umekwisha kwangu tu?" Evarista akauliza. "Siku ileile ngozi ya ngoma ya Edmund ilipasuka. Mkamtafutia ngoma nyingine, mkamngoja nusu saa. Sikusikia mtu akisema kifua cha wanaume hakifai."

Edmund, nyuma ya ngoma zake, akakohoa. "Ni kweli, Mzee. Mlinisubiri."

Yotamu akaivuta saa yake mfukoni, akairudisha bila kuisoma. "Haya. Piga."

Malimi akamwaga mezani ridi tano, zote namba mbili, akanyoosha mkono kuchagua.

"Ondoa mkono," alisema Evarista.

Alizikagua moja moja dirishani. Mbili zilikuwa za kijani, moja nyuzi zake zilikwenda upande, moja ilikuwa nene ubavu mmoja kuliko wa pili. Ya tano akailowesha mdomoni, akaifunga, akapuliza. Sauti ilitoka nyororo, imejaa, ikapanda na kushuka bila kukwaruza. Wimbo ulipofika kibwagizo, Edmund akaudaka kwa ngoma bila kuambiwa, na hadi mwisho hakuna aliyecheka.

Mzee Yotamu aliliandika jina lake bila kuinua kichwa. "Kesho saa kumi na moja. Usichelewe."

"Sijawahi kuchelewa, Mzee."

Nje, Malimi alitembea hatua moja nyuma yake. "Eva, bado nataka kukuoa. Ila sithubutu tena kutaja Mbeya."

"Usithubutu."

"Bendi za Iringa zipo. Nitahama mimi."

Evarista akasimama, akamgeukia. Alikuwa bado na hasira, na alikuwa bado anampenda, na hakuona haja ya kumaliza kimoja ndipo akubali kingine.

"Basi Jumapili njoo Kihesa, uongee na baba."

"Na akiniuliza mdomo wako umepasuliwa na nini?"

"Utamwambia ukweli wote," alisema Evarista. "Nitakuwa nimekaa palepale, nasikiliza."