Vidonge Nilivyovitupa Majarubani

Nina miaka thelathini na sita. Ni mama wa watoto watatu... hapana, sasa ni wawili. Naishi Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Mume wangu ni kibarua kwenye mashamba ya miwa, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Ninayoandika hapa yeye hajayasikia. Najua wengi mtanitukana. Nitukaneni tu, nimestahili!

Kifungua mimba wangu, Leokadia, alikuwa na miaka tisa alipogundulika ana saratani ya damu. Tulilala wodini Dar es Salaam miezi minane, akitundikiwa dawa mpaka nywele zote zikaisha. Mungu akajalia akapata nafuu, tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Lakini matibabu yalikuwa bado! Alitakiwa kumeza vidonge kila jioni kwa karibu miaka miwili, na kila mwezi nimpeleke kliniki ya hospitali ya hapa Ifakara apimwe damu na vidonge vilivyobaki vihesabiwe.

"Mama Leokadia," nesi wa kliniki hiyo aliniambia akiwa amenishika mkono, "ugonjwa umelala tu. Hivi vidonge ndivyo vinavyoulaza. Usiruke hata siku moja."

Miezi ya mwanzo sikuruka. Kisha mpunga wetu, ng'ambo ya mto ukishapita Kivukoni, ukaanza kutoa masuke.

Mwenye mpunga bondeni kwetu anajua. Masuke yakianza kujaa, unahamia shamba kuamia ndege, tangu alfajiri mpaka jua linazama. Ukisinzia kidogo, kwelea wanakuachia mabua matupu. Wale wadogo niliwaacha kwa bibi yao. Leokadia nikaenda naye.

Vidonge vilikuwa vikimchosha. Asubuhi alikuwa na kichefuchefu, mdomo una vidonda. Na asubuhi ndipo ndege wanaposhuka! Mimi niko juu ya dungu la miti napiga kelele na debe, yeye kaketi kwenye tuta ameshika tumbo, na kwelea wanatua upande wake.

Jioni moja nikamwambia leo tupumzike. Siku moja tu, ina shida gani? Kesho yake aliamka anacheka, akala ugali na samaki akamaliza, akachukua kombeo akakimbia hadi mwisho wa shamba. Jirani yangu wa shamba akamtazama, akasema, "We mama Leokadia, mtoto mzima huyu! Unamlisha sumu ya nini?"

Nilikuwa natamani mtu aniambie hivyo. Siku moja ikawa mbili, mbili zikawa wiki... nikafikisha siku kumi na tisa. Sitawadanganya kwamba ilikuwa huruma peke yake. Nilihitaji mikono yake.

Siku ya kliniki ilipokaribia nikafungua kichupa nikahesabu. Vilizidi kumi na tisa. Ningemwambia nini nesi? Nikavitupa jarubani, katikati ya mpunga, nikavikanyagia kwenye tope. Leokadia alikuwa amesimama ananiangalia. Nikamwambia wakikuuliza, sema unakunywa kila siku. Akaitika, "Sawa, mama."

Nesi alihesabu, hesabu ikatimia. Akanipongeza mbele ya kina mama wengine! Akamwuliza na mtoto. Leokadia akanitupia jicho, kisha akasema, "Nakunywa kila siku, nesi."

Daktari ndiye aliyekunja uso. Akasema damu inaonyesha dozi ile haimtoshi, na kwa kuwa anaimeza yote, itabidi aiongeze. Hapo ndipo ningesema! Mlango umefungwa, tuko watatu tu, daktari ananitazama kwa upole... Nikajibu, "Asante, daktari."

Tuliporudi, woga ukanishika. Nikaanza kumpa dozi mpya kila jioni, sikukosa. Si dawa iliyokosea, ndugu zangu. Daktari alimpimia mtoto wa kwenye uongo wangu, na aliyeimeza ni mtoto wangu wa kweli.

Wiki ya tatu akapata homa, akatetemeka hata meno yanagongana. Nikamkimbiza hospitali mchana uleule. Chembe nyeupe za damu zilikuwa karibu zimekwisha, mwili hauna kinga. Wakaniuliza kama aliwahi kukosa dawa. Nikasema hajawahi. Bado nadanganya, na mwanangu yuko kwenye dripu!

Siku ya pili aliniita kwa sauti ndogo. "Mama, naumwa kwa sababu nilimdanganya nesi?"

Jamani... Mtoto wa miaka kumi! Nilimwambia hapana, mwanangu, aliyekosa ni mimi. Sijui kama alinisikia, alishafumba macho. Nikatoka nikaenda kwa daktari nikasema yote. Hakunigombeza. Aliweka kalamu chini, akasema wangejua, dozi isingepandishwa; dozi hiyo kubwa ndiyo iliyomaliza kinga yake. Walihangaika naye siku mbili zaidi. Ijumaa asubuhi Leokadia akakata roho.

Kwenye mazishi mume wangu alisimama kuwashukuru watu. Akasema, "Namshukuru sana mke wangu. Hakukosa kumpa mtoto dawa hata siku moja." Kina mama wakanishika mabega, wakaniita jasiri. Ningemeza udongo ule wa kaburi kama ungenisaidia kunyamaza kulia!

Wewe mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani, nakupigia magoti. Mgonjwa akichangamka usiseme amepona. Dawa zikimshinda, rudi ukaseme zimemshinda. Umekosa kumpa? Sema! Peleka vidonge vilivyobaki vyote, hata kama ni mia. Nesi akikugombeza utarudi nyumbani na mtoto wako. Mimi nilipongezwa.

Jumamosi mume wangu anakuja. Ana desturi ya kupitia kaburini kwanza, ndipo aje nyumbani. Safari hii nitamsubiri hukohuko, nimweleze mbele ya mtoto wetu. Akinifukuza, nitaondoka. Nisichoweza tena ni kuitwa mama mwema na mwanamume niliyemnyang'anya mwanaye.