Mayai Sita na Sanduku Lililonyamaza

Haya, sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako. Hii ni habari ya Sekela, na nawaambia mapema, ina kilio ndani yake.

Sekela ana miaka saba. Anakaa Tukuyu, kwenye mvua na baridi. Sekela haoni. Baba yake naye haoni.

Sekela alikuwa na kuku wake, jina lake Mchachari. Jumatatu mwewe akaja. Fyuuu! Akamchukua Mchachari.

Yakabaki mayai sita kwenye kiota.

"Baba, vifaranga watakufa?"

"Tukiwatunzia joto, hawatakufa," Baba akasema. "Lete lile sanduku."

Baba anapenda kuunda vidude vya umeme. Ana kompyuta ndogo, inaenea kiganjani. Haina kioo. Ina safu ya pini, zimebanana kama meno ya kitana.

Wakaweka mayai sandukuni. Wakaweka taa ya kuyapasha joto. Juu ya kifuniko wakaweka kompyuta. Kipima joto wakakitia ndani, pamoja na mayai. Waya zake tatu, pini tatu.

"Pini ya kwanza nitaijuaje?" Sekela akauliza.

"Kwa kidole. Nimedondosha nta ya mshumaa pembeni yake. Anzia hapo, hesabu kwa ukucha, uchomeke waya."

Tik, tik, tik. Moja, mbili, tatu.

"Joto, thelathini na saba," kompyuta ikasema.

Sekela akarukaruka!

Joto likizidi, kompyuta inasema, na Baba anazima taa. Likipungua, inasema, na Baba anawasha. Siku tatu zikapita hivyo.

Siku ya nne, Sekela akafungua sanduku ayageuze mayai. Mkono wa sweta ukanasa. Chwap! Waya zote tatu zikachomoka.

"Mama yangu!"

Akaitafuta nta kwa kidole. Akaipata. Akahesabu.

Tik, tik, tik. Moja, mbili, tatu. Kimya.

Akachomoa, akarudia.

Tik, tik, tik. Moja, mbili, tatu. Kimya.

Baba naye akajaribu. Kimya kabisa.

"Taa ikiwaka sana, mayai yataiva," Baba akasema. "Ikizimwa, yatapoa. Sasa nani atatuambia?" Akaizima. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mama Lusajo, jirani yao, akachungulia mlangoni.

"Mh! Mimi naona waya tu hapo. Yakaangeni, tule."

"Toka!" Sekela akapiga kelele. "Hao ni watoto wa Mchachari!"

"Sekela! Mwombe mama radhi," Baba akasema.

"Samahani, mama," Sekela akasema, huku analia kwi, kwi, kwi.

"Pole, mwanangu. Sikujua." Mama Lusajo akaondoka taratibu.

Sekela akayagusa mayai. Yalikuwa yanapoa. Yote sita.

"Nimewaua mimi, Baba. Mimi na sweta langu."

 Baba akamkumbatia.

Sekela akaigusa tena nta. Akaisugua. Akaacha kulia.

"Baba, ulidondosha tone la namna gani?"

"Dogo. La mviringo."

"Hili si la mviringo. Hili limetambaa."

Baba akagusa. "Ala! Taa ilikuwa chini yake! Nta imeyeyuka, imehama!"

Sekela akafuata utelezi wa nta, polepole, mpaka ulikoanzia. Pini ya kwanza ilikuwa upande wa pili kabisa. Safari hii Baba akafunga fundo la uzi pembeni yake, badala ya nta.

Tik, tik, tik. Moja, mbili, tatu.

"Joto, ishirini na sita."

Hakuna aliyerukaruka. Ishirini na sita ni baridi mno kwa yai. Baba akawasha taa.

Siku zikaenda. Siku ya kuanguliwa ikafika. Kimya.

Kesho yake pia, kimya.

"Baba, wamekufa?"

Baba hakumdanganya. "Huenda, mwanangu."

Jioni, kabla ya kulala, Sekela akaingiza mkono sandukuni ayaage mayai.

La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, kimya. La nne na la tano, kimya.

La sita likamdonoa kidole.

"Baba! Baba njoo!"

Kra, kra, kra. Ganda likapasuka. Kitu kilicholowa kikapanda kiganjani, kinatetemeka.

"Piu!"

"Ni mmoja tu, Baba," Sekela akasema, analia na kucheka.

"Ndiyo, mmoja," Baba akasema, naye analia na kucheka.

Kifaranga alipokauka, Sekela akamsogeza karibu na mdomo wake.

"Mimi naitwa Sekela," akamnong'oneza. "Mama yako hukumjua. Alikuwa na kelele huyo! Lala, nikuhadithie."