Mizani Imezidi Moja

Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi alikuwa na karatasi zake za kutolewa nakala. Ukutani palikuwa na tangazo la herufi kubwa: TUNACHAPA WATEJA KWA HARAKA. Msahihishaji wa gazeti, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, alilitazama tangazo lile huku mkono ukimwasha.

"Chomoa tu kalamu, kaka," sauti ikasema nyuma yake. "Weka 'kazi za' hapo katikati kabla hatujala viboko."

Akageuka. Mwenye sauti alikuwa dada aliyevaa gauni la kijani na kilemba cha manjano, na shingoni ilining'inia tepu ya kupimia ambayo alikuwa amesahau kuivua. Alikuwa muuza vitambaa katika duka la mtaa wa pili. Mkononi alishika shairi lake, lililoandikwa kwa hati nzuri, na msahihishaji kwa ujuba wake akaliomba, akalisoma, akakata neno moja kwa wino mwekundu. Kisha akalirudia kulisoma, akaona haya, akaweka vidoti chini ya neno lile.

"Na hivi vidoti?"

"Kazini gazetini, nikikata neno halafu nikagundua nimekosea, naweka vidoti chini yake. Maana yake, neno libaki."

"Kumbe wasahihishaji mnajua kuomba radhi!" dada akacheka. "Asante, Bwana Vidoti."

Jina likamganda. Naye akamwita dada laazizi, na laazizi akamwingiza katika kikundi cha washairi wenzake, ambao walikutana kwenye simu. Kila wiki kikundi kilitoa mada, na kila shairi lililowekwa lilihesabiwa mizani kwanza kabla ya mtu yeyote kusema limempendeza. Watu wale hata salamu ukiwapa watahesabu silabi. Msahihishaji akajiona amefika kwao.

Miezi ikapita kwa utani na simu ndefu. Halafu simu zikaanza kuita bila kupokelewa.

"Mbona unanikwepa, laazizi?" alimuuliza siku moja alipobahatika kumpata.

"Sikukwepi. Nina kazi nyumbani."

"Nije nikusaidie?"

"Usije."

"Kuna mtu huko?"

Upande wa dada kulisikika mlio wa kijiko kikianguka sakafuni.

"Ndiyo, kuna mtu," akajibu kwa sauti iliyochoka, na simu ikakatika.

Basi msahihishaji akajifungia na wivu wake katika chumba chake kimoja. Alichemsha chai, akatoa vikombe viwili kwa mazoea, akarudisha kimoja kabatini. Alimkumbuka akicheka, akachukia kumkumbuka. Hakuwa na wa kumweleza, maana rafiki yake wa pekee ndiye huyohuyo aliyemkatia simu. Upweke wa kupenda ni mbaya kuliko wa kutopenda, na yeye alikuwa ameuzoea ule mwingine.

Wiki ile mada ya kikundi ilikuwa "Mzazi". Mashairi yalipomiminika, likaja na la muuza vitambaa, ubeti mmoja tu:

*Nabisha hodi wenzangu, mlangoni nimefika,*
*Yamenizidi ya kwangu, peke yangu nimechoka,*
*Ni mgonjwa mama yangu, mwili wote walegeka,*
*Nikimwita hanitambui, nani ataniitika?*

Wakalivamia. Mmoja akasifu vina, mwingine akasema hodi ni taswira iliyochakaa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akatoa alama saba kwa kumi. Naye msahihishaji, moyo ukimchoma, akaandika mbele ya wote: "Kituo kina kasoro. Mizani imezidi moja. Badala ya 'hanitambui' weka 'hanijui', mstari utakaa." Alijua itamuuma. Alitaka imuume.

Dada akajiondoa kwenye kikundi bila neno. Wenzake wakasema washairi wa siku hizi hawataki kukosolewa.

Siku chache baadaye, mezani kwake gazetini, msahihishaji aliletewa makala ya ukurasa wa afya. Ilihusu wagonjwa wa kiharusi. Alisoma harakaharaka hadi akakutana na sentensi hii: "Mgonjwa huweza kumjua mwanawe, lakini asimtambue amwonapo." Akaona mwandishi amerudia jambo moja mara mbili. Kalamu ikashuka kukata. Ikasimama.

Kumjua, lakini asimtambue. Aliyatazama maneno yale mawili, na ule ubeti ukamrudia wote, mstari kwa mstari, pamoja na mlio wa kijiko kikianguka sakafuni. Kuna mtu, dada alikuwa amesema. Alikuwepo mtu kweli. Alikuwa mama yake.

Akapiga simu, haikupokelewa. Akafungua kikundi, akaandika bila vina: "Lile halikuwa shairi la mada. Mwenzetu alikuwa anaomba msaada. Mama yake ni mgonjwa kweli, nadhani ni kiharusi, na anamuuguza peke yake. Alibisha hodi, sisi tukamhesabia silabi."

Kisha simu yake ikaita, alikuwa mwenyekiti.

"Mwanangu," mzee alisema. "Mwanangu, mimi nilimpa saba."

"Mimi nilimfanyia vibaya zaidi, mwalimu."

"Mke wangu alikuwa muuguzi. Anauliza huyo mama anageuzwa kitandani na nani? Tuelekeze nyumba."

Na kikundi kikaamka. Wakapangiana zamu za kukaa na mgonjwa, mmoja akajitolea kufua, mwingine kupika, na hakuna aliyekumbuka kuhesabu chochote. Msahihishaji akaomba atangulie yeye.

Ghorofani, juu ya duka la vitambaa, mlango ulifunguliwa nusu. Muuza vitambaa alikuwa amekonda. Gauni la kijani lilimpwaya, na kichwani hapakuwa na kilemba, ila nywele zilizofungwa kwa kipande cha kitambaa.

"Umekuja kusahihisha nini?" akauliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kila nikifungua mdomo kusema 'mama hanitambui tena', nalia. Ni kwa shairi tu ndipo sauti yangu hukaa sawa. Nikaona ninyi mtaelewa. Wewe utaelewa." Machozi yakamtoka. "Ukaniambia niandike hanijui. Mama ananijua! Ananizungumzia kutwa, ananitaja kwa jina, ananiuliza mimi mwenyewe, 'Mwanangu yuko wapi, mbona haji kuniona?' Hanitambui tu. Unajua maana ya kukaa chumba kimoja na mtu anayekulilia, na huwezi kumfikia?"

Msahihishaji akatoa mfukoni karatasi aliyonakilia ubeti ule, akaiegemeza ukutani, na kwa kalamu nyekundu akaweka vidoti chini ya neno "hanitambui", kimoja kimoja, hadi mwisho wa neno. Akampa.

Dada akaisoma karatasi.

"Na mizani?" akauliza.

"Izidi tu. Nisamehe, laazizi."

Ngazi zikaanza kulia kwa miguu ya watu. Mwenyekiti alitangulia, anahema, amekumbatia beseni jipya, na nyuma yake mkewe na wengine wenye vyungu na mashuka. Dada akaegemea fremu ya mlango, akalia kama mtu aliyetua mzigo njiani, huku safari bado ndefu.

Wakaingia. Mama alikuwa amekaa kwenye mito karibu na dirisha, mkono mmoja umelala mapajani. Mke wa mwenyekiti akamsalimia, akaanza kumweka vizuri. Mama aliwapitisha macho wote, akampita na bintiye kama anavyompita kila siku, akaishia kwa kijana mrefu aliyesimama mlangoni bila kujua aweke wapi mikono.

"Huyu nani?" akauliza kwa ulimi mzito.

"Ni rafiki wa mwanao, mama," dada akajibu.

"Mwanangu mwenyewe haji." Mama akamgeukia bintiye. "Ukimwona, mwambie namngoja."

"Nitamwambia, mama."

"Na huyu? Aende?"

Muuza vitambaa alikuwa bado ameshika karatasi. Akapitisha kidole polepole chini ya neno, juu ya vile vidoti.

"Hapana, mama," akasema. "Huyu abaki."