Maneno Kumi na Mawili ya Mama Mkwe

Mke wa binamu yangu si mtu wa kuamini mambo ya giza. Alifanya kazi kwenye kampuni ya uwekezaji, akinunua na kuuza sarafu za kidijitali, zile zisizo na benki wala meneja wa kulalamikiwa. Mkoba wa kidijitali wenye mali ya wateja ulifunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mfuatano wake. Mwenye maneno ndiye mwenye mali. Wenzake walimwita Kufuli, maana hakuvujisha kitu.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akianika nguo. Mama mkwe wake, aliyefanyiwa upasuaji wa macho wiki hiyo, aliketi kando na bendeji usoni, akimpa vibanio kimoja kimoja kwa kupapasa. Alikuwa akinong'ona kitu polepole, kama mtu anayejikumbusha.

Kufuli akatega sikio. Kibanio kikamdondoka.

Lilikuwa neno la nne la mkoba. Likaja la tano. Na la sita. Na mama huyo hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

"Mama, hayo umeyatoa wapi?"

"Nayasikia humu humu ndani, mwanangu. Nilidhani ni wimbo wenu."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mume. Huenda mimi naweweseka usingizini, Kufuli aliwaza, naye ananisikiliza. Akamvuta hadi jikoni.

"Umemfundisha nini mama?"

"Mimi? Hata nywila ya simu yako siijui!"

Alisema hivyo huku akicheka. Kicheko chenyewe hakikumkaa vizuri mkewe. Usiku ule walilala wamepeana migongo.

Jumatatu alimwambia bosi wake kwamba mkoba hauko salama. Bosi hakuuliza kwa nini. Alimtazama tu, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akamruhusu ahamishe kila kitu kwenye mkoba mpya. Kufuli akaingia chumba cha ndani kisicho na dirisha, akajifungia. Maneno mapya yakatokea kwenye kioo cha kompyuta. Akayaandika kwenye karatasi moja tu, akaifungia kwenye sefu. Hata bosi hakuyaona.

Saa nane mchana alifika nyumbani. Mama mkwe alikuwa peke yake sebuleni, ameelekeza uso mlangoni.

"Karibuni," alisema.

"Niko peke yangu, mama."

 Mama akaanza kunong'ona. Neno la kwanza. La pili. Yale mapya. Yote kumi na mawili, bila kukwama.

 "Nani anakuambia?" Kufuli alinong'ona.

"Si huyo unayerudi naye kutoka kazini? Ana adabu. Kila siku anavua viatu kabla ya kuingia."

Mlangoni palikuwa na viatu vya Kufuli tu.

"Anayapata wapi, mama?"

"Anasema unamwambia wewe."

Alirudi ofisini mbio, mkoba wa mkononi wazi, akamwomba mlinzi wa kamera amwonyeshe picha za asubuhi. Kamera ya chumba kile iliwekwa nyuma ya kompyuta, ikimtazama aliyeketi, isione kioo. Wakatazama wote wawili. Kufuli anaandika. Kufuli anafunga sefu. Kufuli anarudi kuketi, jambo ambalo hakulikumbuka kabisa.

Kisha anainamisha kichwa upande wa kushoto, polepole, kama unavyosogelea sikio la mtu. Midomo inacheza. Neno moja. Anasubiri. La pili. Anasubiri. Mpaka kumi na mawili.

Halafu ananyamaza, anasikiliza, na anacheka.

Mlinzi alizima kioo bila kuambiwa.

Kufuli aliacha kazi siku ile ile. Alimwomba mumewe msamaha, wakapatana. Mama mkwe alitolewa bendeji, anaona vizuri, na hakumbuki hata neno moja. Mali ya wateja haikuguswa mpaka leo, na hilo ndilo linalomsumbua Kufuli zaidi: kama si mali, huyo mgeni alikuwa anataka nini?

Mlinzi yule bado yupo kazini. Anasema chumba kile kina kiti kimoja tu, na tangu siku ile hakuna aliyekikalia. Lakini ukutani, kushoto kwa kiti, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, kuna doa la mafuta ya nywele. Wamelipaka rangi mara mbili. Bado linatanuka.