Shemeji Aliniuliza Imelia Vipi

Bwu!

Niliusikia mlio huo kabla sijaona chochote. Mtutu ulikuwa umeruka juu, vumbi limenijaa machoni, na nyati mwenyewe alikuwa amepotea nyuma ya mabua ya mtama. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshajua. Risasi ikipiga mfupa wa bega hulia ko, mlio mkavu, kama shoka kwenye gogo. Ikipiga tumbo hulia bwu... kama ngumi kwenye gunia lililolowa.

Ndugu wasomaji, nilisikia bwu. Nikasema ko.

Nina miaka thelathini na miwili. Ni askari wa wanyamapori, nimepanga nyumba Miyuji, hapa Dodoma. Wakati haya yananikuta nilikuwa naishi na mke wangu, Nyemo, mwenyeji wa kijiji kimoja huko Chemba.

Kazini nilikuwa nimekabidhiwa bunduki yenye risasi nene kuliko zote nilizowahi kushika. Niliipenda kupita kiasi! Uzito wa risasi, kasi yake, nguvu inayotua nayo kwenye mwili wa mnyama, vyote nilivihesabu kichwani kama wenzangu wanavyohesabu magoli ya timu zao. Nilimwambia Nyemo kwamba kwa bunduki ile hata ukimgusa nyati kwato, atakaa chini.

"Basi mwambie kaka apumzike," alinicheka. "Kazi yake imekwisha."

Kaka huyo ni Ndahani, shemeji yangu. Kwa miaka mingi aliwaongoza wawindaji porini, akisoma nyayo mahali ambapo mimi naona mchanga mtupu. Bunduki zilizofyatuliwa kando ya kichwa chake zilimwachia jeraha lisiloonekana. Sikio la kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilisikia kidogo, tena ukipaza sauti. Ndiyo maana kila baada ya risasi alimgeukia mpigaji na kumuuliza swali moja tu: imelia vipi? Jibu hilo ndilo lililoamua kama watamfuata mnyama mara moja au watakaa wamngoje alale, adhoofike.

Siku ya mlio ule nilitumwa kijijini kwao kumuua nyati dume aliyekuwa akiharibu mashamba, na Ndahani ndiye aliyeniongoza. Watu walikuwa wanaogopa hata kwenda kuteka maji. Walinisindikiza hadi ukingoni mwa shamba, simu mkononi, tayari kunirekodi.

"Baba wa mjini!" mama mmoja alinipigia kelele. "Angalia vizuri, mbuzi wangu naye ana pembe!"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, lakini ilinichoma.

Tulimkuta nyati amesimama kati ya mabua. Bega lilikuwa limefichika. Kilichoonekana wazi ni tumbo na paja. Ndahani alinigusa mkono.

"Ngoja ageuke, shemeji."

Kwa nini sikungoja? Kitu gani kilikuwa kinanikimbiza? Nilihisi macho ya watu mgongoni, nikahisi uzito ule mtamu wa bunduki, nikajiambia nguvu yake itafidia. Nikafyatua.

Bwu...

Nilimwona nyati akikunja mgongo, kisha akatoweka. Ndahani alinigeukia, akanitazama midomo.

"Imelia vipi?"

"Ko," nikasema. "Bega."

Uso wake ukang'aa. "Basi hayuko mbali."

Ningesema kweli, tungeketi hadi jua ligeuke. Lakini kuketi mbele ya watu wale! Baada ya majigambo yote yale! Niliogopa aibu ya saa chache, nikaikwepa kwa kulipa mwili wa mtu mwingine.

Tulifuata nyayo hadi kwenye vichaka vya miiba. Ndahani alisimama, akainama, akapangusa majani kwa vidole.

"Mbona hakuna damu?"

Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, wasomaji wangu. Nikaitupa!

"Risasi hii ni nene," nilimwambia kwa sauti, karibu na sikio lake. "Haikutokea upande wa pili. Anavujia ndani."

Akaniamini. Akaingia mbele.

Nilisikia matawi yakivunjika upande wa kulia. Mimi nilisikia. Yeye hakusikia. Niliita, "Shemeji! Shemeji!" nikiita mgongo wa mtu ambaye sauti yangu haikumfikia...

Nyati alimbeba kama shuka. Nilipopata nafasi, niliiweka risasi shingoni, palepale panapotakiwa, na dume lile likaanguka bila hatua moja. Bunduki ileile! Risasi ya aina ileile! Nguvu yake haikuwa imeongezeka hata chembe.

Mguu wa Ndahani ulikatwa juu ya goti.

Na mimi? Nikawa shujaa! Picha yangu na nyati yule ilizunguka kwenye simu za watu. Mwenzangu wa kazini alituletea zabibu kutoka Makutupora, akisema ni za mtu aliyemtoa shemeji yake kwenye pembe. Nyemo aliziosha, akanichagulia kichala kikubwa. Nikazila, nikamshukuru.

Ndahani alipotoka hospitali tulimleta kwetu Miyuji. Kila mgeni alisimuliwa naye jinsi nilivyomwokoa. Kisha mchana mmoja, tukiwa wawili sebuleni, akanishika mkono.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Nilikuingiza kwenye hatari. Sikuona damu, bado nikaendelea. Nimezeeka vibaya."

Mtu niliyemkata mguu ananiomba msamaha! Nilijaribu kumwambia. Nilinong'ona, machozi yananitoka. Akakunja uso, akasogeza sikio la kushoto.

"Sema kwa nguvu. Sisikii."

Ikabidi nipaze sauti.

"Ilikuwa tumbo! Nilisikia bwu! Nilikudanganya!"

Uani, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ikanyamaza. Wapangaji wenzetu wakachungulia. Nyemo alisimama mlangoni, mikono imejaa povu.

Enyi mnaoshika bunduki, nawaombeni. Msidanganywe na ukubwa wa risasi. Haijui kosa lako, inakwenda pale ulipoielekeza. Ngojeni bega lionekane. Na mkono ukikosea, semeni hapohapo, hata kama kijiji kizima kinatazama. Mnyama aliyepigwa tumbo anaweza kungojewa. Mtu aliyedanganywa anatangulia mbele yako, amekupa mgongo.

Ndahani hakunitukana. Heri angenitukana! Alipapasa mahali mguu ulipoishia.

"Ungeniambia tu," alisema. "Tungekaa kivulini, tukavuta tumbaku. Tungemngoja."

Kisha akaomba magongo yake.

Nyemo alifungasha nguo za kaka yake, halafu akachanganya na za kwake, bila kunitazama. Nilimwita kwa jina. Yeye masikio yake ni mazima, lakini hakugeuka. Ndahani alitangulia, magongo yakigonga sakafu. Nyemo akafuata na begi, akanyoosha mkono nyuma, akavuta mlango.

Ukajifunga. Ko.