Watu Saba Nyumbani kwa Wechuli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Nabwire alichambua omena, dagaa wa ziwani. Mama yake, Sylvia, aliwanunua ufuoni Dunga na kuwauza kando ya barabara kuu pale Nyamasaria, akiwapima kwa mkebe. Kazi ya Nabwire ilikuwa kuondoa changarawe na vipande vya magamba ili wateja wasilalamike. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, na vidole vyake vilikuwa vyepesi sana.

Asubuhi hiyo ya Jumanne, hata hivyo, vidole havikutulia. Aliokota changarawe, akaitupa, akaokota omena mzima, akamtupa pia.

"Wewe leo una nini?" mama yake akauliza. "Unatupa chakula."

"Hakuna kitu, Mama."

Kilikuwepo. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na fomu aliyopewa jana na Mwalimu Njuguna, na alitakiwa kuirudisha siku hiyo ikiwa imejazwa. Wadi yao ilikuwa imeanzisha mpango wa kuzilipia kaya za kipato cha chini bima ya afya kwa mwaka mzima. Wanafunzi walipewa fomu wazipeleke nyumbani, mzazi ajaze, atie sahihi, kisha zipelekwe ofisini.

Sylvia aliisubiri fomu hiyo kwa hamu kuliko mtu yeyote mtaani. Mwanawe mdogo, Wasike, wa miaka sita, alikuwa na ugonjwa wa damu uitwao selimundu. Siku mbaya, mifupa ilimuuma hata akashindwa kushikwa mkono. Alihitaji dawa kila siku na kliniki kila mwezi, na mara nyingi dawa hizo ziliisha kabla ya fedha za kununua nyingine kupatikana.

"Ilete tuimalize," Sylvia alisema, akijifuta mikono kwa leso. Yeye aliacha shule darasa la nne, na maandishi madogo yalimsumbua. "Mimi nitasema, wewe andika. Wanauliza nini kwanza?"

"Watu wangapi wanakula na kulala katika nyumba hii."

"Baba yako, mimi, Kukhu, wewe, Wasike, na wale watoto wawili wa mjomba wako. Saba."

Kukhu alikuwa nyanya yao, mama yake baba, aliyehamia kwao kutoka Bungoma baada ya macho kupungua nguvu.

"Mapato ya wote kwa mwezi."

Sylvia akafikiri kidogo. "Mwezi mzuri, baba yako analeta elfu kumi na tatu kutoka mjengoni. Omena weka elfu tano. Andika elfu kumi na nane. Kazi ya baba andika kibarua. Usimwandike fundi, hajawa fundi."

Nabwire alishika kalamu, lakini mawazo yake yalikuwa darasani. Fomu zote zilikusanywa na kiranja wao, Waithera, msichana aliyevaa viatu vinavyong'aa kila siku, ambaye mama yake alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba sokoni Kibuye. Waithera angezibeba mkononi kutoka dawati hadi dawati, na macho ya watu yangezisoma. Muhula uliopita mvulana mmoja aliomba sare za bure. Fomu yake ilipoonekana, darasa zima lilimbandika jina la Msaada, na mpaka leo hakuna aliyemwita kwa jina lake halisi.

Nabwire akaigeuza karatasi kidogo, mama yake asiione vizuri. Penye idadi ya watu akaandika nne. Penye mapato akaandika elfu thelathini na sita. Penye kazi ya baba akaandika fundi mkuu wa ujenzi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Sylvia akatia sahihi yake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayedarizi. Kisha akamrudishia fomu kwa mikono miwili. "Mungu atusaidie ipite," alisema.

Darasani, Waithera aliipokea fomu na kuichomeka katikati ya nyingine bila hata kuitazama. Nabwire akabaki amesimama kando ya dawati lake, mkono bado umenyooshwa. Alitamani kuiomba irudi, lakini Waithera alikuwa tayari ameshaelekea ofisi ya mwalimu.

Wiki tatu zilizofuata Nabwire hakupata utulivu. Darasani alitafuna kalamu mpaka ikapasuka na kumtia wino mdomoni. Nyumbani alikuwa akiinuka, akikaa, akienda mlangoni na kurudi, mpaka Kukhu akamuuliza kama ameketi juu ya siafu. Kila Mama alipozungumza na jirani, Nabwire alitega sikio. Kila mara ilikuwa habari ile ile. "Bima ikija, huyu mtoto atapumua."

Vidonge vya Wasike vilibaki vya siku tisa, kisha vya siku sita. Alhamisi moja mtoto huyo alirudi kutoka kucheza akichechemea, akalala chini sakafuni akishika goti, akalia bila sauti. Nabwire alimkanda kwa kitambaa cha maji moto.

"Nabwire," Wasike akamwambia, "ukiacha kukanda ndipo linauma. Usiache."

Aliendelea kumkanda mpaka maji yakapoa. Mara tatu alifungua mdomo amwambie mama yake ukweli, na mara tatu akauliza kitu kingine. Chumvi iko wapi. Baba anarudi saa ngapi. Kesho ni tarehe gani.

Kesho yake orodha ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu. Sylvia aliacha omena wake chini ya uangalizi wa jirani, akamchukua Nabwire amsaidie kusoma. Alipitisha kidole juu ya majina kutoka juu hadi chini, kisha akarudia kutoka chini hadi juu.

"Jina la baba yako, Wechuli, halipo," alisema. "Soma wewe."

"Halipo, Mama," Nabwire akajibu.

Kidole cha Sylvia kikasimama katikati ya orodha. "Na huyu si ndiye mama yake Waithera? Yule mwenye kibanda Kibuye? Yeye amepata, mimi nimekosa?" Akaigeukia barabara. "Fomu zilipitia kwa nani? Kwa Njuguna. Mama Waithera ni mtu wa kwao, kabila moja. Sasa nimeelewa."

"Mama, labda si hivyo."

"Ni vipi basi? Niambie wewe uliyesoma!"

Nabwire akainamisha kichwa.

Jumamosi chifu aliitisha baraza ili watu wenye malalamiko wasikilizwe. Viti vya plastiki vilipangwa uwanjani mbele ya ofisi yake, na jua la Kisumu likaanza kuchoma mapema. Mbele waliketi chifu, Mwalimu Njuguna, na Bi. Perez, afisa wa huduma za jamii aliyekuja na faili nene mapajani. Mzee Okinyi alilalamika kwamba jina lake limekosewa herufi, na Bi. Perez akalirekebisha palepale. Kisha Sylvia akasimama.

"Mimi naitwa Mama Nabwire, nauza omena hapo barabarani, wote mnanijua," alianza. Sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Bwana wangu ni kibarua. Mtoto wangu ni mgonjwa. Jina letu halipo. Lakini mwenye kibanda Kibuye jina lake lipo! Namuuliza Mwalimu Njuguna mbele yenu wote. Fomu yangu uliipeleka wapi? Au uliwachagua watu wenu kwanza?"

Minong'ono ikazagaa. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Aseme!" Mwingine akasimama, kiti chake kikaanguka. Mwalimu Njuguna alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa amefundisha Nyamasaria miaka kumi na moja, na watoto wa wengi waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wamesomeshwa naye.

"Mama Nabwire," alisema kwa sauti ya chini, "nilizipeleka zote, kama nilivyozipokea."

"Muongo!" mtu wa nyuma akapaza sauti tena.

Nabwire alimwona Waithera aliyekuwa ameketi karibu na mama yake, macho yamejaa machozi. Akamwona mwalimu wake akitazama ardhi. Miguu yake ikasimama kabla hajaiamuru.

"Si Mwalimu!" alisema. "Ni mimi!"

Kelele zikakatika.

"Mama alisema saba, nikaandika nne. Alisema elfu kumi na nane, nikaandika thelathini na sita. Niliandika Baba ni fundi mkuu. Niliogopa fomu itasomwa darasani, watu wanicheke." Alimeza mate. "Mwalimu hakufanya kitu. Mama hajui. Ni mimi tu."

Bi. Perez alifungua faili, akapekua, akatoa karatasi moja na kuisoma kimya. Akaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli. Imeandikwa hivyo," alisema. Kisha akasimama ili wote wamsikie. "Wananchi, wengi mnadhani tunatazama nani ana kibanda na nani hana. Sivyo. Tunachukua mapato ya nyumba nzima, tunayagawa kwa watu wote wanaokula chungu kimoja. Katika mpango huu wetu, kila mtu akiangukia chini ya shilingi elfu nne kwa mwezi, nyumba hiyo inaingia. Elfu thelathini na sita kwa watu wanne ni elfu tisa kila mmoja. Haiingii. Lakini elfu kumi na nane kwa watu saba haifiki hata elfu tatu. Hiyo inaingia."

"Na kibanda cha Kibuye?" Sylvia akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

Mama yake Waithera ndiye aliyejibu, bila kusimama. "Dada yangu alifariki mwaka juzi, mama. Ameniachia watoto watano. Nyumbani kwangu tuko kumi. Kibanda kinaleta elfu thelathini, mwezi ukiwa mzuri. Gawanya mwenyewe."

Sylvia hakuhitaji kalamu. Elfu tatu kila mtu. Akaikunja leso mkononi, akapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Mwalimu, nimekuvunjia heshima mbele ya watu," alisema. "Basi mbele ya watu hao hao naomba unisamehe. Na wewe, Mama Waithera, pia."

Mwalimu Njuguna aliinuka akampa mkono. "Mtoto wako ni mgonjwa, mama. Nimekusamehe," alisema. Halafu akamtazama Nabwire. "Na wewe umesema kweli wakati ilipokuwa rahisi kunyamaza. Lakini ungeisema wiki tatu zilizopita, tungepumzika sote."

Bi. Perez alieleza kwamba sheria za mpango ziliruhusu rufaa ndani ya siku kumi na nne, lakini afisa lazima afike nyumbani ajionee. Jumatatu alifika kweli. Alimhoji Wechuli mwenyewe, ambaye aliomba ruhusa ya nusu siku mjengoni na kumkaribisha akiwa bado na vumbi la saruji. Alizungumza na Kukhu, akahesabu watu, akatazama kadi ya kliniki ya Wasike. Safari hii Sylvia alisema, Bi. Perez akaandika, kisha akasoma kila jibu kwa sauti kabla ya sahihi. Nabwire aliketi karibu akisikiliza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mikono yake ilitulia magotini.

Baba yake hakumpiga wala kumfokea. Afisa alipoondoka, alisema tu, "Kumbe nilikuwa fundi mkuu, na mshahara sikuuona," kisha akarudi kazini. Maneno hayo yalimuuma Nabwire kuliko fimbo.

Shuleni mambo hayakuwa mepesi. Wawili watatu walimcheka, na mmoja akajaribu kumwita Fundi Mkuu. Waithera akamgeukia huyo mchekaji. "Na mimi niite nani? Jina letu lilikuwa ukutani, ulilisoma." Jina hilo likafa palepale. Mwalimu Njuguna naye akabadilisha utaratibu, na tangu siku hiyo kila fomu ilirudishwa ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa.

Vidonge vya Wasike viliisha siku mbili kabla ya majibu kutoka. Mama yake Waithera alisikia, akawanunulia vya siku nne, akakataa kurudishiwa fedha. Orodha ya rufaa ilipobandikwa, jina la Wechuli lilikuwa la tatu kutoka juu.

Wiki hiyo hiyo Sylvia alimpeleka Wasike kliniki, na Nabwire akafuatana nao. Foleni ilikuwa ndefu. Wasike alilala mapajani mwa dada yake wakati mama yao akisubiri jina liitwe.

"Mama, bado umenikasirikia?" Nabwire akauliza.

Sylvia alimgeukia. "Nilikasirika. Sasa nataka unielewe," alisema. "Ile karatasi haikuuliza kama sisi ni watu wa maana. Iliuliza tuko wangapi na tunapata nini. Hayo ni mambo ya kweli, na ukweli haututii aibu. Wewe uliona aibu, ukawafuta watu watatu kwa kalamu. Ukamfuta hata Kukhu, aliyekubeba mgongoni. Mimi nami nikaona uchungu, nikamtupia mtu lawama kabla ya kuuliza. Sote wawili tulikosea. Mtu akiulizwa habari za nyumba yake, aseme ilivyo, asiongeze ili aonekane, asipunguze ili apate. Msaada wa umma ni wa watu wote, na ukidanganya, upande wowote, kuna mtoto mahali fulani anayekosa dawa. Safari hii mtoto huyo alikuwa wetu."

"Nimeelewa, Mama."

Dirishani jina la Wasike likaitwa. Sylvia akainuka, akachukua dawa za mwezi mzima, akazihesabu mara mbili, kisha akamkabidhi Nabwire mfuko azibebe.